Deni Si Langu: Kuangalia na Kusahihisha Rekodi Yako ya Mikopo Ukiwa Sauzi

Somo la leo halihusu kutuma hela nyumbani moja kwa moja. Linahusu hela ambayo ungeituma kwa mama, halafu ikaishia kulipa deni la mtu usiyemjua. Nalijua hili kwa sababu nusura linikute mimi mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa pili nilitaka kupanga chumba na sebule pale Kensington. Nikampa dalali kila alichotaka: slipu tatu za mshahara, taarifa ya benki ya miezi mitatu, kopi ya pasipoti, na fomu ya kumruhusu aangalie rekodi yangu ya mikopo. Nikalipa na ada ya fomu. Siku ya tatu akanipigia: "Pole kaka, umekataliwa. Una deni baya." Deni gani? Hakujua, au hakutaka kusema. Wiki hiyohiyo simu ikaanza kuita kutoka kwa wakusanya madeni. Nadaiwa R4,860 na duka la nguo la Durban, akaunti imefunguliwa 2016. Yule dada wa kwenye simu alikuwa mpole kweli. Akaniambia nisihangaike, nitie saini makubaliano ya kulipa R300 kila mwezi, jina langu litasafishwa.

Mwaka 2016 mimi nilikuwa Tanga. Sauzi nimeingia 2018. Lakini nakiri, nilikaribia kusaini. Nilihitaji ile nyumba, na nilishawaza nipunguze ya kutuma nyumbani ili nilimalize hilo deni nipumue. Aliyenizuia ni mzee mmoja Mkongomani wa Yeoville, jirani yangu, ambaye yalishamfika kama hayo. Alinitazama akasema: "Mdogo yangu, ile deni ni wewe ulikula? Kama si wewe, usisaini kitu."

Nitaeleza kwa nini alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Kwanza tujue nani anaandika. Hapa Sauzi kuna kampuni zinazokusanya taarifa za mikopo yako, zile ambazo ndugu zetu Wakenya huziita CRB. Kubwa ni TransUnion, Experian na XDS. Ipo pia TPN, ambayo madalali na wenye nyumba huitumia sana kwa sababu inafuatilia wapangaji. Kampuni ya Compuscan, ambayo wa zamani mnaikumbuka, ilinunuliwa na Experian. Benki, duka la nguo, duka la fenicha, kampuni ya simu, wote hupeleka huko habari zako: ulikopa lini, unalipaje, umechelewa miezi mingapi. Kila kampuni ina faili lake. Kosa linaweza kuwa kwenye moja na lisiwepo kwenye nyingine, kwa hiyo ukiangalia moja tu ukaona safi, usilale.

Kutuma hela nyumbani hakuandikwi humo. Hata utume kila mwezi kwa miaka kumi bila kukosa, haikuongezei sifa wala haikupunguzii. Nimeulizwa hilo mara nyingi.

Sheria inayotawala yote haya ni Sheria ya Taifa ya Mikopo, namba 34 ya 2005. Humo kuna mambo ambayo wengi wetu hatuyajui, na ndiyo yanayokulinda. Una haki ya kuona ripoti yako bure mara moja kila miezi kumi na mbili, kwa kila kampuni. Una haki ya kupinga chochote kilichoandikwa. Na ukishapinga, mzigo si wako tena: kampuni inatakiwa itafute ushahidi wa kile ilichoandika, ikuletee kopi ya huo ushahidi, au ikifute. Muda wake ni siku 20 za kazi. Katika kipindi hicho hawaruhusiwi kuendelea kumpa mtu mwingine hiyo taarifa unayoipinga. Soma tena hapo. Si wewe wa kuthibitisha kwamba hukukopa. Wao ndio wathibitishe kwamba ulikopa.

Ndiyo maana saini ya yule dada mpole ilikuwa hatari. Ningesaini, ushahidi ambao hawakuwa nao ningekuwa nimewapa mimi kwa mkono wangu.

Tena hata kama deni ni lako kweli, angalia umri wake kabla ya kusaini au kulipa kidogo kidogo. Deni la kawaida la duka au la simu hufa baada ya miaka mitatu kama hukulipa chochote, hukukiri kwamba unadaiwa, na hukuletewa wito wa mahakama. Ukilipa hata R50 kabla miaka haijatimia, au ukakiri kwa maandishi, hesabu inaanza upya. Na tangu 2015 sheria inakataza kumdai mtu deni ambalo limeshakufa. Hukumu ya mahakama ni jambo jingine, hiyo inaishi miaka 30, kwa hiyo usichanganye.

Sasa, kwa nini makosa yanatupata sisi wageni zaidi? Mwenyeji ana namba ya kitambulisho yenye tarakimu 13, anaibeba toka kuzaliwa hadi kufa. Mwenye ukaaji wa kudumu naye hupewa ya tarakimu 13. Wewe na mimi tunatambulika kwa pasipoti, na pasipoti inabadilika namba kila ukipewa mpya. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki 2017, Tanzania 2018, na watu wengi walifungua akaunti zao hapa kwa namba ya zamani. Matokeo yake mtu mmoja anakuwa na mafaili mawili: moja lina historia nzuri na namba iliyokufa, jingine lina namba mpya na ndani yake hamna kitu. Ukiomba laini ya mkataba wanakuona kama uliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Halafu majina. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Fomu za hapa zinataka jina la ukoo. Benki moja imechukua la babu, duka limechukua la baba, kampuni ya simu imeyaunganisha yote. Na ukiitwa Mohamed Ali Hassan, jamani, mko wangapi Joburg peke yake? Ongeza na wale ambao tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari kwa sababu cheti kilitafutwa ukubwani. Kwangu ndivyo ilivyokuwa: majina matatu yaleyale, 1 Januari ileile, pasipoti za nchi moja, namba zikitofautiana tarakimu mbili.

Ipo pia wizi wa kweli. Agosti 2020 Experian hapa Sauzi ilitangaza kwamba taarifa za wateja zimeangukia kwa tapeli, na watu waliotajwa kuguswa walifika milioni 24. Machi 2022 TransUnion nayo ikavamiwa na wadukuzi. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa hujawahi kukopa, hakuna aliyekopa kwa jina lako.

Namna ya kuiomba. Ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, jisajili, jibu maswali yao ya usalama. Ukikwama kwa sababu mfumo unalilia tarakimu 13, usikate tamaa wala usibuni namba. Waandikie barua pepe uombe ripoti yako ya bure ya mwaka, uambatanishe kopi ya pasipoti na kibali iliyogongwa muhuri. Muhuri unapigwa kituo cha polisi chochote, bure. Kama umewahi kubadilisha pasipoti, taja namba zote mbili, ya sasa na ya zamani, na uwaombe watafute kwa zote. Hiyo moja tu imewafungulia watu wengi mafaili yaliyopotea.

Usimlipe mtu kwa kazi hii. Nguzo za taa za Hillbrow na za karibu na stendi ya Noord zimejaa matangazo ya kusafisha majina kwa R500, kwa R1,500. Wanachokifanya ni kutuma fomu ileile ambayo wewe unaituma bure. Wengine hawatumi chochote.

Ripoti ikifika utaona kurasa nyingi, usiogope. Alama ile ya namba, mimi huiruka. Kila kampuni ina kipimo chake na ukiishangaa utapoteza muda. Anza na jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, anwani na waajiri. Anwani ya mji ambao hujawahi kuishi ni dalili ya kwanza kwamba umechanganywa na mtu. Kisha nenda kwenye akaunti, moja moja: naijua hii? Niliifungua mimi? Tarehe ni sawa? Kila akaunti huwa na mstari wa miezi yenye namba. Mara nyingi 0 maana yake hujachelewa, 1 umechelewa mwezi mmoja, 2 miezi miwili. Linganisha na taarifa zako za benki. Mwisho tazama orodha ya waliouliza habari zako. Kama kuna kampuni tatu za mikopo ziliuliza juu yako wiki moja na hukuomba mkopo popote, kuna mtu anakutumia.

Neno jingine la kutafuta ni mapitio ya madeni, debt review kama tunavyoisikia redioni. Mtu anapigiwa simu, anaambiwa wanaweza kumshushia marejesho, anasema "ndiyo" na kutoa namba zake, na huyo amekwisha. Jina linaingizwa kwamba amezidiwa na madeni na hakopesheki popote. Kutoka humo si rahisi: kwa kawaida ni mpaka umalize madeni yaliyoingizwa na upewe cheti, au mahakama itamke kwamba hukuzidiwa. Kama hukuomba kabisa na hujasaini chochote, pinga mara moja, na mlalamikie mshauri wa madeni aliyekuingiza kwa mdhibiti.

Sasa kupinga kwenyewe. Nilitumia hati ya kiapo, ambayo pia unaiandikia kituo cha polisi bure, nikaeleza kwa ufupi. Barua andika kwa Kiingereza rahisi, maana yake iwe kama hii:

"Napinga akaunti namba fulani ya duka fulani iliyo kwenye ripoti yangu ya tarehe fulani. Sikufungua akaunti hii. Ilifunguliwa Juni 2016 Durban. Mimi niliingia Afrika Kusini kwa mara ya kwanza 2018, kama muhuri wa pasipoti unavyoonyesha. Naomba mniletee mkataba wenye saini, kopi ya kitambulisho kilichotumika na rekodi ya malipo, au mfute taarifa hii ndani ya siku 20 za kazi. Naambatanisha kopi ya pasipoti, kurasa za mihuri na hati ya kiapo."

Hakuna matusi, hakuna historia ya maisha. Jambo moja, tarehe, na unachotaka. Kila kampuni itumie ya kwake, na kopi moja mpelekee aliyeripoti deni. Tunza namba ya kumbukumbu wanayokupa. Ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina la uliyeongea naye.

Hesabu siku 20 vizuri, ni siku za kazi. Mimi nilituma mwanzoni mwa Machi, na kati ya Machi na Aprili hapa kuna sikukuu kibao: Haki za Binadamu tarehe 21, Pasaka, halafu tarehe 27 Aprili. Deni lilikuwa kwenye kampuni mbili. Ya kwanza ilifuta ndani ya muda. Ya pili ikanijibu mstari mmoja: taarifa imethibitishwa na mkopeshaji. Imethibitishwa vipi? Mkataba uko wapi? Hakuna.

Wengi wanaishia hapo. Jibu la "imethibitishwa" bila karatasi si ushahidi. Niliwaandikia tena nikitaka kopi, na ziliponyamaziwa barua zangu nikapeleka malalamiko kwa msuluhishi. Tangu tarehe 1 Machi 2024 wasuluhishi wa benki, wa bima na wa mikopo wameunganishwa kuwa chombo kimoja, National Financial Ombud, na kina kitengo cha mikopo. Huduma ni bure, ila watakuuliza kwanza kama uliipa kampuni siku zake 20. Yupo pia mdhibiti, National Credit Regulator, ambaye ofisi yake ipo Randjes Park, Midrand. Ukiletewa ushahidi usioridhika nao una siku 20 za kazi za kumwomba achunguze.

Mkataba ulipotafutwa kwa dhati, ukapatikana. Saini si yangu, pasipoti si yangu, picha ya mtu mwingine kabisa. Wakafuta mwezi wa sita. Ukishinda, sheria inakupa ripoti nyingine bure ya kuhakikisha kwamba wamefuta kweli. Iombe. Usiamini barua tu.

Kama ni wizi na si kuchanganywa, ongeza mambo mawili: fungua kesi polisi upate namba ya kesi, na ujisajili kwa Southern African Fraud Prevention Service. Usajili wa kujilinda ni bure na unawaonya wakopeshaji wahakiki mara mbili kabla ya kumpa mtu mkopo kwa jina lako.

Lazima niseme na upande wa pili, maana si kila kibaya kwenye ripoti ni kosa. Liko linalotupata sana sisi: kibali kinaisha, umeomba kipya, majibu hayaji, benki inafunga akaunti kwa kuwa sheria inaitaka ihakiki nyaraka zako. Mshahara umo, lakini debiti oda ya fenicha inarudi. Miezi miwili unaonekana mkorofi. Ukipinga hili utashindwa, kwa sababu kweli hukulipa. Dawa ni kuwahi. Kibali kikikaribia kuisha, mpigie kila mkopeshaji akupe namna ya kulipa kwa mkono, dukani au kwa akaunti ya ndugu, na utunze risiti. Kama limeshatokea, lipa lote. Ukishamaliza deni, mkopeshaji ana siku saba za kutoa taarifa na kampuni ina siku saba za kuondoa lile andiko la kwamba hulipi. Ule mstari wa miezi yenye namba unabaki, unaweza kukaa mpaka miaka mitano. Hukumu ya mahakama isiyolipwa nayo miaka mitano.

Kwa wenye familia nyumbani, faili la Sauzi na la kwenu ni vitu viwili. TransUnion ipo Kenya pia, pamoja na Metropol na Creditinfo; Tanzania wapo Creditinfo na Dun & Bradstreet. Tatizo la huko mara nyingi ni laini ya simu. Umeondoka, laini yenye jina lako umemwachia mdogo wako apokee hela unazotuma, naye anakopa Fuliza, M-Shwari au Songesha. Hajakuibia kwa maana ya kukuibia, ni mdogo wako, alikuwa na shida. Lakini anayeandikwa ni wewe, na utajua siku unapotaka mkopo wa kujengea. Ukienda likizo, isajili laini kwa jina lake. Kenya nako una haki ya ripoti moja bure kwa mwaka.

Mimi sasa sizikusanyi ripoti zote siku moja. Naomba TransUnion Januari, Experian Mei, XDS Septemba. Hivyo kila miezi minne naona kitu bila kulipa hata senti, na kosa likiingia halipiti muda mrefu.

Ile nyumba ya Kensington ilichukuliwa na mwingine siku nyingi, na ada ya fomu haikurudi. Nilipata chumba Bez Valley mwezi wa saba, kidogo kuliko kile. R4,860 sikuilipa. Ripoti ya Mei mwaka huu deni halimo, ila anwani ya Durban bado ipo, mstari wa tatu chini ya jina langu. Wito wa mahakama wa yule jamaa ukitumwa huko kwa jina langu sitauona. Barua ya kuipinga nimeshaituma, na siku zao 20 zinaisha Alhamisi ijayo.